Baada ya Mchango, Mzazi Amebakiwa na Nini?

Tangu Januari 2016, ada za sekondari na michango ya lazima zilipoondolewa katika shule za umma za Tanzania Bara, lawama moja imekuwa ikirudiwa katika vikao vya walimu, hotuba za wakuu wa wilaya na taarifa za maofisa elimu: wazazi wamejitoa. Hawahudhurii mikutano, hawakagui madaftari, hawamjui hata mwalimu wa darasa. Wakiulizwa, husema elimu ni bure na shule ni ya Serikali. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ulioleta utaratibu huo, ulizua tafsiri nyingi kiasi kwamba ilibidi utolewe mwingine, Na. 3 wa 2016, kufafanua kwamba sare, madaftari, chakula cha mwanafunzi wa kutwa na matibabu ya mtoto vimebaki juu ya mzazi. Lawama ile ina ukweli ndani yake, lakini imeshika tatizo mkiani. Kilichoondolewa mwaka 2016 ni kazi pekee ambayo shule ilikuwa imemzoesha mzazi kwa muda mrefu, yaani kulipa, na hakuna aliyefikiria kumpa kazi nyingine mahali pake. Mtu aliyekuwa akiitwa kwa ajili ya fedha ataona ameachiwa aendelee na shughuli zake siku fedha isipodaiwa. Hoja yangu ni kwamba mzazi wa Afrika Mashariki hahitaji kuhamasishwa zaidi ya alivyokwisha kuhamasishwa. Anahitaji kupewa jambo la kufanya linalogusa kujifunza kwa mwanawe, na anahitaji taarifa za kumwezesha kulifanya.

Ushiriki tuliourithi una historia yake, nayo haina aibu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, madarasa mengi yalisimama kwa tofali za wanakijiji na maji yaliyotekwa na akina mama. Kenya ilikuwa na harambee zake, na sehemu kubwa ya sekondari zilizofunguliwa baada ya Uhuru zilitokana nazo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa, ulizipa kamati za shule akaunti za benki na mamlaka ya kusimamia ujenzi. Miaka michache baadaye shule za kata zikajengwa kwa utaratibu unaofanana. Katika awamu zote hizo mzazi alishiriki kwa mikono na kwa mfuko, na alishiriki sana. Lakini ndani ya darasa, walikokuwa mtoto na mwalimu na ubao, hakualikwa. Ajenda ya mkutano wa wazazi inaonyesha hali hiyo mpaka leo: taarifa ya mwalimu mkuu, matokeo ya darasa la nne na la saba, upungufu wa madawati na matundu ya vyoo, chakula, utoro, na mwisho kabisa mengineyo, watu wakiwa wameshaanza kuangalia jua limefika wapi. Katika orodha hiyo mzazi ana nafasi mbili tu, ya kuchangia na ya kulaumiwa. Ile ya pili ina nguvu ya sheria nyuma yake, maana mzazi wa mtoto mtoro huitwa kwa mtendaji na anaweza kupelekwa mahakamani. Mtu anayeitwa shuleni ama kutozwa ama kukaripiwa akiamua kumtuma shangazi au kaka mkubwa amwakilishe, sioni cha kushangaza.

Jaribio kubwa la kuvunja mtindo huo lilikuja na Uwezo, iliyoanzishwa mwaka 2009 kupima watoto majumbani Tanzania, Kenya na Uganda kwa kufuata mfano wa upimaji wa ASER wa India. Wapimaji wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili pamoja na hesabu nyepesi, na matokeo yalitikisa nchi zote tatu: watoto wengi wa darasa la tatu, na hata baadhi ya waliokaribia kumaliza darasa la saba, hawakuweza kuisoma hadithi ile. Nyuma ya zoezi kulikuwa na dhana inayovutia. Mzazi akielezwa papo hapo kwamba mwanawe hajui kusoma, atashtuka. Akishtuka, atachukua hatua, ama nyumbani ama kwa kuibana shule. Watafiti Lieberman, Posner na Tsai walikwenda vijijini Kenya kuangalia kama ndivyo ilivyotokea, na katika makala yao ya mwaka 2014 waliripoti kwamba wazazi waliopewa matokeo na mapendekezo ya hatua za kuchukua hawakutofautiana na wenzao ambao hawakupewa. Jambo linalofanana na hilo lilikuwa limeshaonekana Jaunpur, katika jimbo la Uttar Pradesh, India, ambako Banerjee na Duflo pamoja na wenzao walijaribu kuamsha kamati za elimu za vijiji. Mikutano iliitishwa, haki za wazazi zikaelezwa, watoto wakapimwa hadharani, na kamati zikaendelea kulala. Baadhi ya wajumbe walikuwa hawajui hata kwamba wao ni wajumbe.

Wapo waliosoma matokeo hayo kama uthibitisho kwamba wazazi hawajali. Usomaji huo ni wa haraka mno. Ili taarifa izae kitendo, mambo kadhaa lazima yakutane kwa mtu mmoja: aiamini, aone kuwa jambo linamhusu yeye na si mwalimu peke yake, ajue la kufanya, awe na uwezo wa kulifanya, na aamini kwamba akilifanya litabadili kitu. Mama anayeambiwa kuwa Asha wa darasa la tatu hawezi kusoma aya moja anaweza kuumia kweli, kisha akabaki palepale, kwa kuwa kila njia anayoijua ya kumsaidia mtoto kisomo, iwe tuisheni au shule binafsi, inaanzia kwenye fedha. Akienda kwa mwalimu mkuu, ataambiwa mwalimu wa Asha ana watoto mia na kitu. Kimya chake baada ya hapo kimetokana na hesabu aliyoipiga, nayo aliipiga sawasawa.

Jaunpur yenyewe ilitoa jibu la pili, ambalo halitajwi mara nyingi kama lile la kwanza. Katika kundi moja la vijiji, vijana wa kujitolea walifundishwa mbinu nyepesi za kufundisha kusoma, wakaanzisha madarasa ya jioni nje ya shule. Watoto waliohudhuria waliboreka kwa kiwango kikubwa. Watu wale wale ambao hawakuamka kuisimamia shule kupitia kamati waliamka walipopewa kazi yenye mwanzo, mwisho na matunda ya kuonekana kwa macho. Botswana, shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, kaya zaidi ya 4,500 ziliingizwa katika jaribio la aina hiyo hiyo. Baadhi zilitumiwa maswali ya hesabu kwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki. Nyingine zilipata ujumbe huo pamoja na simu ya mwalimu ya takribani dakika 15 hadi 20, mzazi na mtoto wakisikiliza pamoja. Ujumbe peke yake haukuleta badiliko la kutegemewa. Ujumbe ulioambatana na simu uliwavusha watoto katika hesabu, na wazazi wakaanza kukadiria kwa usahihi zaidi kiwango cha watoto wao. Huko Créteil, pembezoni mwa Paris, wakuu wa shule waliwaalika wazazi wa mwaka wa kwanza wa sekondari katika mikutano mitatu tu yenye mada zinazoeleweka: shule inafanyaje kazi, mtoto anasaidiwaje nyumbani. Alama za mitihani hazikupanda kwa namna ya kutajika, lakini utoro ulipungua na nidhamu ikaimarika, hata kwa watoto ambao wazazi wao hawakufika. Kotekote huko hapakuwa na mahubiri juu ya umuhimu wa elimu. Mzazi alipewa jambo dogo la kufanya, na mtu wa kumwonyesha namna yake.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi ya haya ni kwamba wazazi wetu wengi hawakusoma, au walisoma kidogo na muda mrefu umepita, watafuatiliaje wasichokijua? Pingamizi hili lina sura ya huruma, lakini ndani yake limebeba dhana kwamba kushiriki ni kufundisha. Magharibi mwa Kenya watafiti walizipa familia vitabu vya picha vya Kiluo na Kiingereza, wakawaonyesha walezi namna ya kuzungumza na mtoto juu ya picha, kumwuliza kinachoendelea na kumwacha ajibu. Watoto wa walezi wasiojua kusoma walinufaika kama walivyonufaika wa walezi wanaojua. Wala hatuhitaji kwenda mbali na uzoefu wetu. Chukua chuo cha Kurani cha mwambao, kutoka Lamu hadi Kilwa. Mzazi asiyejua Kiarabu anajua mwanawe amefika juzuu gani. Humwuliza jioni, humtaka asome kwa sauti, husikia anapokwama na anapotiririka hata kama maana ya maneno haijui, na siku ya kuhitimu ukoo mzima huwapo. Mwalimu wa chuo na mzazi wana kipimo kimoja kinachoeleweka na wote wawili, na mtoto anajua kwamba kipimo hicho kinajulikana nyumbani. Mzazi huyo huyo, ukimwuliza mwanawe amefika wapi katika Kiswahili cha darasa la pili, atakujibu kwamba ameshika nafasi ya 17.

Hapo kwenye nafasi ya 17 ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ripoti ya mwisho wa muhula ndiyo barua pekee ambayo shule nyingi humwandikia mzazi, na imeandikwa kana kwamba nia ni asielewe. Ina masomo, alama kwa asilimia, daraja, wastani, nafasi kati ya wanafunzi 112, kisha maoni ya mwalimu yenye neno moja au mawili: ajitahidi, aongeze bidii, wastani. Nafasi humwambia mzazi mwanawe yuko wapi miongoni mwa wenzake, na haimwambii kabisa kama anajua kusoma. Katika darasa ambalo wengi hawasomi, anayeshika nafasi ya 17 anaweza naye kuwa hasomi. Amewazidi tu wengine katika kukisia. Asilimia 48 ya Hisabati haisemi kama tatizo ni kutoa kwa kukopa au ni jedwali la kuzidisha, kwa hiyo haimpi mtu yeyote nyumbani pa kuanzia, hata kaka wa kidato cha pili ambaye angeweza kabisa kumsaidia mdogo wake. Utafiti wa Rebecca Dizon-Ross nchini Malawi, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba makadirio ya wazazi kuhusu uwezo wa watoto wao yalikuwa mbali na hali halisi, na mbali zaidi kwa wazazi wenye elimu ndogo. Walipoelezwa matokeo ya watoto kwa lugha nyepesi, walibadili maamuzi yao, kwa mfano kwa kuchagua vitabu vya mazoezi vinavyolingana na kiwango cha mtoto. Taarifa hapa ilifanya kazi, wakati ile ya Kenya haikufanya, na nadhani tofauti imo katika umbo lake: wazazi wa Malawi walikuwa na uamuzi mezani pa kuitumia. Tanzania tayari ina mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tangu mwaka 2015. Ngazi zake zinajulikana: herufi, silabi, maneno, sentensi, hadithi fupi. Kumwandikia mzazi kwamba mwanawe yuko kwenye silabi, na kwamba kwa wiki nne zijazo asomewe na asomeshwe maneno haya ishirini, hakuhitaji mradi wala mfadhili. Kunahitaji uamuzi wa kubadili karatasi moja.

Pingamizi zito zaidi ni la muda na umaskini. Anayesisitiza ushiriki wa familia mara nyingi humaanisha, bila kusema, kazi nyingine ya mama: yule aliyeamka saa kumi na moja, aliyeshinda shambani au gengeni, na ambaye sasa anatarajiwa kukaa na daftari jikoni. Katika kaya nyingi mlezi mwenyewe ni bibi. Kenya imetupa somo la karibu katika hili. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, kuwashirikisha wazazi ilikuwa mojawapo ya nguzo zake, na kwenye maandishi nguzo hiyo ni nzuri. Kilichofika nyumbani ni orodha za vifaa vya kununua, picha za kuchapisha kwenye duka la intaneti, na kazi ambazo mtoto wa miaka minane hawezi kuzifanya peke yake. Wazazi walilalamika kwa miaka mfululizo, na hawakulalamika kwa uvivu. Waliona kuwa shule imehamishia kwao sehemu ya kazi yake na bili pia. Wenye printa na muda walimudu. Wengine walifanya walivyoweza, na kazi za watoto zikawa kipimo cha mali ya nyumba. Kwa hiyo nakubaliana na wanaosema kwamba ushiriki ukiachwa ujiendee, unapanua pengo. Sikubaliani na hitimisho kwamba basi uachwe. Pengo linapanuka pale kazi inapokuwa ya kununua na ya kutengeneza. Linapungua pale inapokuwa ya kusikiliza, ya kuuliza, ya kuhakikisha mtoto amelala mapema na hakuchelewa, na pale mkutano unapowekwa siku isiyo ya gulio wala ya msimu wa kupanda. Baba pia ana masikio. Barua ya shule inaweza kumtaja yeye kwa jina.

Chakula kinastahili kutajwa hapa, ingawa kwa kupita. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2021 wa chakula na lishe kwa wanafunzi unawategemea wazazi kwa mahindi, maharage na kuni, na katika shule nyingi uji au makande ya mchana ndiyo makubaliano pekee yanayoishi kati ya shule na jamii. Ni ushiriki wa kweli, na mtoto aliyeshiba hujifunza. Ila umebeba hatari ile ile ya zamani: asiyeleta debe la mahindi mwanawe hutengwa kwenye foleni, na shule hurudi kuwa mahali pa kudaiwa. Kamati zinazoruhusu mchango wa kazi badala ya nafaka zimeelewa jambo hili kuliko waraka wowote.

Walimu nao wana pingamizi lao, na ni haki wasikilizwe bila kubezwa. Wanasema mzazi akikaribishwa ataingilia, ataleta siasa za kijiji, atamfundisha mwalimu kazi yake. Na kwamba mwenye darasa la watoto 90 hana muda wa kuzungumza na wazazi 90. Kuhusu kuingilia, ushahidi wa magharibi mwa Kenya unafaa kuangaliwa. Duflo, Dupas na Kremer walifuatilia shule zilizopewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada kwa mkataba kupitia kamati. Palipokuwa hakuna maandalizi, nafasi hizo ziliangukia mara nyingi kwa jamaa za walimu waliokuwapo. Kamati zilipofundishwa namna ya kuchagua na kusimamia, upendeleo ulipungua na nafasi ya mwalimu wa mkataba ililindwa. Mzazi asiyejua mipaka ya kazi yake ndiye anayeingilia, aliyeelekezwa husimamia. Lakini mafunzo nayo yana kikomo. Gambia ilipozipa shule fedha na kuziandaa kamati kwa kina, utoro wa walimu na wanafunzi ulishuka, ila kujifunza hakukupanda kwa wastani, na dalili za manufaa zilijitokeza zaidi pale ambapo watu wazima wengi walijua kusoma. Nyerere alilisema hilo zamani kwa sera: mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kiwango cha wasiojua kusoma, kilichokuwa takribani asilimia 67 mwaka 1967, kilishushwa hadi karibu asilimia 10 katikati ya miaka ya 1980. Kisomo cha watu wazima kilipoachwa kififie, tulijinyima pia kamati za shule zenye uwezo wa kusoma taarifa ya mapato na matumizi.

Kuhusu muda, mwalimu yuko sahihi kwamba hawezi kuzungumza na kila mmoja. Hahitaji. Wazazi wa watoto walio kwenye silabi ni kundi moja lenye kazi moja, na wanaweza kuonyeshwa kwa pamoja ndani ya nusu saa, mtaa kwa mtaa, na hata na mjumbe wa wazazi wa darasa hilo badala ya mwalimu mwenyewe. Ugumu halisi unaanza sekondari, ambako lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza na mzazi aliyemsikiliza mtoto akisoma Kiswahili hupoteza sikio lake ghafla. Hapo anabaki na maswali ya pembeni, ambayo hata hivyo yana uzito: daftari limesahihishwa lini mara ya mwisho? Vipindi vingapi vya Fizikia vilifundishwa mwezi huu? Mwalimu wa somo yupo?

Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayofanya mialiko ya kweli iwe michache. Shule ya msingi Tanzania hupangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 6,000 ndizo zinazotumwa shuleni moja kwa moja, kiwango chenye asili katika enzi za MMEM. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kuajiri wala kuhamisha mwalimu, na kamati haina pia. Mzazi atakayejua kwa hakika kwamba watoto 70 kati ya 112 wa darasa la tatu hawasomi hataridhika na maelezo ya mwalimu mkuu kwa muda mrefu, na mwalimu mkuu mwenye busara hatataka kulibeba jibu peke yake. Atamwelekeza kwa ofisa elimu kata, na kata itamwelekeza halmashauri, ambako ikama ya walimu hupangwa. Kumwomba mzazi huyo mifuko miwili ya saruji kulikuwa rahisi zaidi kwa kila mtu katika mnyororo huo.